Ubora wa maegesho ya baiskeli hupimwa vipi?

NI saa moja unusu asubuhi. Seremala ameendesha baiskeli kutoka Kibera hadi Eneo la Viwanda jijini Nairobi, na sasa anatafuta mahali pa kuiacha hadi jioni. Vyuma vya kuegeshea vipo langoni, lakini vinashika gurudumu la mbele pekee. Anavipita, anaifunga baiskeli yake kwa mnyororo kwenye ua wa jirani, kisha anaingia kazini na wasiwasi moyoni.

Kwenye ramani ya jengo hilo, nafasi za baiskeli zipo. Kwa seremala huyu, hazipo. Hii ndiyo sababu wapangaji wa miji wanashikilia kwamba kuhesabu nafasi pekee hakutoshi. Maegesho hupimwa kwa mambo manne: kufuli, nafasi ya kupenya, umbali na ujazo.

La kwanza ni kufuli. Swali ni je, mwendeshaji anaweza kufunga fremu pamoja na gurudumu kwenye chuma kilichokitwa imara ardhini? Chuma kinachobana gurudumu pekee kina hasara mbili. Mwizi hufungua nati za gurudumu na kuondoka na sehemu iliyosalia. Nayo baiskeli ikisukumwa, gurudumu hupindika na spoki kukatika.

Kwa sababu hiyo, miji mingi hupendelea chuma chenye umbo la herufi U iliyopinduliwa, ambacho nchini Uingereza hujulikana kwa jina la mji wa Sheffield. Chuma hicho huegemeza fremu, na huhudumia baiskeli mbili, moja kila upande.

La pili ni nafasi ya kupenya. Baiskeli ya kawaida ina urefu wa takriban mita 1.8, na usukani wake una upana wa zaidi ya nusu mita. Vyuma vikisongamana, usukani hunasana na kila chuma huishia kutumiwa na baiskeli moja badala ya mbili. Ndiposa inapendekezwa kuacha takriban mita moja kati ya chuma na chuma.

Nchini Uholanzi, vifaa vya kuegeshea hukaguliwa kwa viwango vinavyoitwa FietsParKeur. Kwa mujibu wa viwango hivyo, baiskeli zilizo kwenye kimo kimoja hutenganishwa kwa sentimita 65. Umbali huo waweza kupunguzwa hadi sentimita 37.5 iwapo moja imeinuliwa na nyingine ipo chini, kwa kuwa sukani hazigusani.

La tatu ni umbali, na hupimwa kwa saa ya mkononi. Anayetembea mita 300 kutoka maegesho hadi mlangoni hutumia takriban dakika nne. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, dakika hizo zingemtosha kuendesha baiskeli kilomita nzima. Anayeingia dukani kununua mkate hatakubali hasara hiyo; ataegemeza baiskeli ukutani hapo nje.

Hata hivyo, mfanyakazi atakayeiacha kutwa nzima huweza kuvumilia hatua chache zaidi, mradi apate paa la kuzuia jua na mvua, taa na mlinzi. Kwa hivyo, kila maegesho sharti yapimwe kwa kuzingatia muda ambao watumiaji wake hukaa.

La nne ni ujazo. Hapa mhesabuji hupita asubuhi, adhuhuri na jioni, akiandika baiskeli zilizo kwenye vyuma na zile zilizofungwa kwenye nguzo, miti na nyua. Vyuma vikiwa vitupu ilhali nyua zimejaa, kosa ni la vyuma au la mahali vilipowekwa. Vyote viwili vikijaa, nafasi ni chache. Aidha, baiskeli zilizotelekezwa hazina budi kuhesabiwa kando, maana huziba nafasi bila kumhudumia yeyote.

Mfano wa mambo hayo kuzingatiwa kwa pamoja unapatikana katika mji wa Utrecht, Uholanzi. Maegesho yaliyo kando ya kituo chake kikuu cha reli, ambayo yalikamilika mwaka wa 2019, yana orofa tatu na nafasi zipatazo 12,500. Lakini ukubwa si sifa yake pekee. Mwendeshaji huingia akiwa angali juu ya baiskeli, mabango ya kielektroniki humwonyesha palipo na nafasi, na kutoka hapo hufika kwenye majukwaa ya treni kwa miguu bila kuzunguka mbali.

Kenya haihitaji jengo la orofa tatu ili kuanza. Kaunti ya Jiji la Nairobi iliandaa sera ya usafiri usiotumia injini mwaka wa 2015, na baiskeli bado hubeba maziwa, mkate na mafundi katika miji yetu kila uchao. Kwa muuza maziwa, kuibiwa baiskeli si kupoteza chombo cha usafiri tu, bali ni kufunga biashara.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimamizi wa soko, shule au kiwanda anahitaji daftari, futi ya kupimia na saa. Apime pengo kati ya vyuma, atembee hadi mlangoni akihesabu dakika, kisha ahesabu baiskeli zilizofungwa uani. Kila baiskeli iliyo uani ni malalamiko ambayo mwenyewe hakupata pa kuyapeleka.