Kijumbe wa London

Familia ya Kiafrika ikihamia Uingereza, anayeipokea kwanza si serikali. Serikali huiandikia barua. Anayeeleza barua ile inataka nini, salio la mita ya umeme linanunuliwa duka gani na mtoto anaandikishwaje shule, ni mtu wa kwao aliyetangulia kufika. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao milioni 1.5 wa England na Wales waliojitaja kuwa Weusi wenye asili ya Afrika, kiasi cha asilimia 2.5 ya wakazi, na nyuma ya wengi wao, au ya wazazi wao, yupo mwenyeji wa namna hiyo. Kwa hiyo wahamiaji wanapolaumiwa kwamba wanajikalia wenyewe kwa wenyewe badala ya kuchangamana na wenyeji, naona lawama imegeuza mambo chini juu. Mgeni hupata nguvu ya kutoka nje kwa sababu ndani ana watu.

Tuuchukue upatu, ambao Wakenya huuita chama, Wasomali hagbad au ayuuto, Waghana susu. Tuseme watu kumi wanatoa pauni 200 kila mwezi. Kila mwezi mmoja wao anapokea 2,000. Hakuna riba wala mwanasheria, ila daftari la kijumbe, yaani anayekusanya na kugawa fedha, na aibu ya kujulikana kwamba ulikula zamu yako ukaingia mitini. Kwa mtu ambaye benki haimjui, fedha hizo ndizo amana ya nyumba ya kupanga, ada ya visa, au nauli ya kwenda kumzika mzazi. Asiyejulikana vizuri hupangwa mwishoni. Lakini akifiwa, aliye mbele yake huweza kumwachia zamu, jambo ambalo sijasikia benki ikilifanya.

Wajamaika waliofika tangu enzi za meli ya Windrush, mwaka 1948, walikuja na mchezo huohuo wakiuita pardner. Miaka ya 1950 mwenye nyumba aliweza kumkataa mpangaji kwa rangi yake na asiguswe na sheria. Ubaguzi katika nyumba ulipigwa marufuku mwaka 1968. Mikopo nayo ilikuwa migumu kupatikana. Familia nyingi zilitoa malipo ya kwanza ya nyumba zao kwa fedha za pardner. Mwenye nyumba yake analipa kodi ya manispaa, ana jirani wa kudumu, na watoto wake hawahamishwi shule kila mara. Kama huko si kuingia katika nchi, basi sijui kuingia ni kupi.

Watapinga kwa kutaja ripoti ya Ted Cantle, iliyoandikwa baada ya ghasia za Oldham, Burnley na Bradford mwaka 2001, iliyosema jamii za miji ile ziliishi maisha sambamba yasiyokutana. Hoja hiyo ina uzito. Ila ukitazama kilichowatenga watu wale utakuta mitaa, shule na ajira, katika miji ambayo viwanda vyake vya nguo vilikuwa vimekufa. Vyama vya kuzikana havikujenga mitaa ile. Tena mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alionyesha katika kijitabu chake jinsi watoto wa Karibi walivyokuwa wakisukumiwa shule za wanaodhaniwa kuwa na upungufu wa akili. Wazazi hawakuwatoa watoto katika shule za serikali. Waliwafungulia madarasa ya Jumamosi, wakawafundisha hesabu na kusoma ili Jumatatu wakae sawa na wenzao.

Watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, wanatupa mfano ulio karibu nasi zaidi, kwani Chimiini chao ni lahaja ya Kiswahili. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatupa hadi kambi za pwani ya Kenya, na baadhi yao wakaishia kaskazini mwa London, ambako walikuwa na kituo chao Muswell Hill. Juni 2013, wiki mbili baada ya askari kuuawa Woolwich na watu waliodai kutenda kwa jina la Uislamu, kituo kiliteketea kwa moto ambao polisi waliuchunguza kama uchomaji wa makusudi. Waliojitokeza kuwapa nafasi ni pamoja na Wayahudi wa sinagogi la Finchley Reform, na ukumbi wao ukatumika kwa futari na sala za Ramadhani. Sinagogi lilipata wa kumkaribisha kwa kuwa Wabarawa walikuwa na chama, wazee na namba ya simu. Familia arobaini zilizotawanyika, kila moja na mlango wake, nani angezialika?

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu ni la ndani. Mkono unaosaidia hujua pia kufunika. Mtoto wa miaka kumi anamtafsiria mama yake kwa daktari maneno asiyopaswa kuyasikia. Mwanamke anapigwa, kijumbe wake ni shangazi wa mume, na wazee wanamwambia avumilie, nyumba haikosi moshi. Visa yake pengine imeandikwa kwamba hana haki ya fedha za umma, kwa hiyo anaogopa hata kuuliza. Kwa huyo, simu ya manispaa yenye mkalimani anayelipwa, asiyejuana na ukoo wake, inafaa kuliko kikundi kizima cha WhatsApp.