Mkono, Mwangwi na Ukano: Ultrasaundi katika Mafunzo ya Udaktari

Uchunguzi wa viungo na misuli umefunzwa tangu zamani kwa kupapasa: mwanafunzi huambiwa ukano upo pale, naye huamini. Ultrasaundi humwezesha kuthibitisha. Mwaka 2006, Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, kilianza kuifundisha katika miaka yote minne ya udaktari.

Mwanafunzi hupapasa goti la mwenzake chini ya kilegesambwa (wengine husema pia ya goti), akatia alama kwa kalamu. Kisha hupaka jeli ili kuondoa hewa, akaweka kichwa cha mashine juu ya alama ile. Mawimbi ya sauti tusiyoisikia hupenya na kurudi kama mwangwi. Uso wa mfupa hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Majimaji huwa meusi. Ukano huonekana kama nyuzi nyeupe zilizolala sambamba. Lakini mashine nayo hudanganya: kichwa kikiinama kidogo tu, ukano mzima huweza kugeuka mweusi, ukadhaniwa umekatika. Ndiyo maana mkono hauachwi.

Linalotuhusu sisi wana-Kiswahili ni istilahi. Twasema ukano kwa kile kiungacho msuli na mfupa, na ukano vilevile kwa kile kiungacho mfupa na mfupa. Daktari amwambiaye mgonjwa kwamba ukano wake wa goti umekatika hajamwambia ni upi, ilhali tiba zake hutofautiana.