Uyoga mdogo wa kahawia ni wa kuogopwa
Katika misitu ya Ulaya, uyoga uitwao Galerina marginata huota kwenye magogo yaliyooza. Ni mdogo, wa kahawia, na hufanana mno na Kuehneromyces mutabilis, ambao huliwa. Huu unaoliwa huwa na magamba chini ya pete ya bua, lakini pete yenyewe hudondoka upesi, na hata wachumaji wazoefu hukosea.

Sumu ya Galerina, amatoksini, haiondoki kwa kupikwa. Hukaa kimya saa 6 hadi 24, kisha mtu hutapika na kuharisha. Baadaye hupata nafuu, akadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Eti ukiliwa na konokono ni salama? Uongo mtupu!

Msomaji, ukiugua baada ya kula uyoga wa porini, kimbilia hospitali hata ukipata nafuu. Beba mabaki, hata yakiwa ya jalalani.