Kilichofichwa Nyuma ya Paneli za Gari la Wagonjwa

Gari la wagonjwa likikabidhiwa, king'ora ndicho huwashwa kwanza. Mgeni rasmi anakata utepe, vimulimuli vinawaka, wapiga picha wanapata walichofuata. Kwetu tunaofunga vifaa kwenye magari haya, king'ora ni kazi ya mwisho, na fundi umeme mzuri wa mtaani huimaliza kwa mchana mmoja. Uhai wa mgonjwa umebebwa na vitu visivyoonekana, na cha kwanza ni waya.

Chukua Land Cruiser ndefu, ile ya mkonga inayopelekwa vituo vingi vya afya vijijini. Kwa kawaida ina umeme wa volti 12, uliopimiwa kuwasha injini, taa na redio. Sisi tunaiongezea mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, inayokula takriban wati 300. Inveta ikigeuza volti 12 kuwa 230, betri inatakiwa kutoa karibu ampia 30 mfululizo.

Sasa fundi asiyejali anatoa waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumbani, anautandaza kutoka kwenye boneti hadi nyuma. Ni mita 5 kwenda na 5 kurudi. Kwa mzigo huo, zaidi ya volti 2 zinapotelea njiani na kuwa joto. Betri ina volti 12.4, lakini inveta inapokea 10 na ushee, nayo inveta nyingi hujizima volti zikishuka chini ya 10.5. Mgonjwa anakatiwa oksijeni ilhali betri imejaa! Ukiweka waya laini wa gari wa milimita 16 za mraba, upotevu haufiki hata nusu volti. Bei yake inauma, najua, na ndiyo maana hupunguzwa kwenye zabuni. Fyuzi nayo ikae jirani kabisa na betri, kwani kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga: kikisuguana na bodi kikachubuka, moto unaanzia hapo, ndani ya gari lililobeba oksijeni.

Vifaa vya mgonjwa viwe na betri yao. Rilei huziunganisha betri mbili injini inaponguruma na kuzitenganisha ikizimwa, ili dereva asikute gari limegoma kuwaka mbele ya wodi. Betri ya asidi ya saa-ampia 100 haifai kukamuliwa kupita nusu. Kwa mzigo wetu, hiyo ni kama saa moja na nusu.

Mtungi wa oksijeni ya akiba nao una hesabu zake. Wenye lita 680, mgonjwa akipewa lita 10 kwa dakika, unaisha baada ya dakika 68. Muhimu kuliko ujazo ni kishikio chake. Kiwango cha Ulaya, EN 1789, kinataka machela na vifaa vyote vihimili nguvu mara 10 ya uzito wake gari linapogonga. Mtungi wa kilo 7 utavuta kama mzigo wa kilo 70. Skrubu ya mbao iliyopigwa kwenye plaiwudi haiwezi. Boliti ipenye hadi kwenye chuma cha bodi na iwe na bamba upande wa pili.

Sakafu iwe ya vinili isiyo na maungio, ipandishwe kidogo ukutani damu isipenye chini. Taa za ndani ziwe nyeupe, maana chini ya mwanga wa buluu muuguzi hawezi kuona midomo ya mgonjwa ikibadilika rangi.

Unayepokea gari, kabla hujatia saini, zima injini, washa vifaa vyote vya mgonjwa kwa nusu saa, kisha pima volti kwenye inveta na uwashe gari. Halafu lipeleke kwenye barabara ya makorongo, ukirudi shika spana ukague boliti za machela moja moja.