Sensa Isiyobisha Hodi

Sensa ya Oman ya mwaka 2020 haikumbishia mtu hodi. Zile tatu za kabla yake, za 1993, 2003 na 2010, zilitegemea makarani wa kupita nyumba hadi nyumba. Ya nne ilifanywa kwa seva. Kituo cha Taifa cha Takwimu na Habari, kilichopo Maskati, kilichukua kanzidata zilizokwishakuwepo, ya polisi wanaosajili raia na wakaazi pamoja na za wizara mbalimbali, kikaziunganisha na kuziuliza: tarehe 12 Desemba 2020 nchini walikuwamo watu wangapi? Jibu lilikuwa 4,471,148.

Kuunganisha huko kunatokana na wazo la 1970. Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, alipendekeza data zipangwe katika majedwali, na jedwali moja lihusishwe na jingine kwa thamani yanazochangia, bila mwulizaji kuhitaji kujua data zimekaa wapi ndani ya mashine. Miaka minne baadaye wenzake wa maabara hiyohiyo walitoa lugha ya kuulizia, iliyokuja kuitwa SQL, na mwaka 1979 kampuni iliyokuja kuitwa Oracle ikaanza kuuza programu yake. Kwa Oman, thamani inayochangiwa ni namba ya utambulisho wa mtu. Jina halifai. Suleiman huyohuyo ataandikwa Sleiman huku na Sulayman kule, na kina Salim bin Khamis peke yao wanaweza kujaza msikiti.

Wazo lilizitangulia mashine. Lililozichelewesha hasa halikuwa hesabu bali kungoja diski, sahani inayozunguka huku kichwa cha kusomea kikitafuta mahali pake. Chukua rekodi milioni 4.47 zilizotawanyika, zisomwe mojamoja. Diski ya kwanza ya kompyuta, RAMAC ya IBM ya mwaka 1956, ilihitaji wastani wa milisekunde 600 kufikia rekodi moja. Kwa mwendo huo kazi ingekula mwezi mzima. Diski nzuri ya miaka ya 1990, kwa milisekunde 10, ingemaliza kwa saa 12 na dakika kadhaa. Hifadhi ya kielektroniki isiyo na sahani, yenye kusoma kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, inachukua dakika saba na nusu. Data zikiwa tayari kwenye kumbukumbu kuu, nusu sekunde haiishi. Na zinaenea: kila mtu akipewa herufi 1,000, nchi nzima ni gigabaiti 4.5, ambazo hata simu ya mkononi inazibeba.

Lakini ukimtafuta mtu mmoja, ujanja wa kupanga hushinda mashine mpya. Rudolf Bayer na Edward McCreight, wakiwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970, walibuni faharasa ya mti wenye matawi mengi. Kila kituo kikiwa na matawi 200, hatua tatu zinatosha kuchagua kati ya watu milioni 8. Kwa ile diski ya miaka ya 1990 hizo ni milisekunde 30, badala ya nusu siku.

Prosesa nazo zilifika ukingoni. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, joto likiwa limeshakuwa kikwazo, na watengenezaji wakageukia kuweka viini vingi katika kipande kimoja. Kanzidata za takwimu zikajifunza kugawa swali kwa viini hivyo, tena kuhifadhi data kwa safu wima badala ya mtu kwa mtu. Anayetaka wastani wa umri hasomi anwani wala namba za simu: umri wa watu wote, baiti moja kwa kila mtu, ni megabaiti 4.5, zaidi kidogo tu ya zile 3.75 zilizoijaza RAMAC nzima.

Kilichobaki ni masafa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka Maskati hadi Salalah kwa njia ya barabara ni kama kilomita 1,000. Nakala ya akiba ikiwekwa Salalah, na kila maandishi yakalazimika kungoja uthibitisho wa huko, kwenda na kurudi ni milisekunde 10, sawasawa na kuisubiri ile diski ya miaka ya 1990.