Mtoto Anayechelewa Kukua: Usimfiche, Wala Usibaki Peke Yako

Leo tunamzungumzia mtoto ambaye hakui kama wenzake. Shingo haijakaza, hakai, hasemi, au alianza kusema kisha akanyamaza. Katika vijiji vingi mtoto huyu anajulikana na watu wachache tu. Wageni wakija, anapelekwa chumba cha nyuma.

Kwanza tuondoe lawama, kwa sababu lawama ndiyo inayowafungia watoto ndani. Mtindio wa ubongo, ambao hufanya viungo vikakamae au vilegee, hutokea ubongo unapoumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au akiwa bado mdogo. Huenda alichelewa kupumua alipozaliwa, au aligeuka rangi ya manjano sana akiwa mchanga na hakutibiwa mapema. Wengine waliugua malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye Down huwa na kromosomu moja zaidi tangu mimba inapotungwa. Usonji nao unahusu jinsi ubongo unavyokua, na urithi una sehemu kubwa. Hauletwi na chanjo wala malezi mabaya. Hakuna hata moja kati ya haya linalotokana na laana au mama kutembea nje ya ndoa. Mama mkwe akisema kwao jambo kama hili halijawahi kutokea, mwambie muuguzi wa redio anaomba mje naye kliniki.

Mtoto wa miezi sita ambaye shingo bado inaanguka, wa miezi tisa asiyeweza kukaa, au wa mwaka mmoja na nusu asiyetembea, mpeleke kliniki na kile kijitabu chake cha mama na mtoto. Ukiambiwa, "Ngoja tu, atakua," hata kama anayekuambia amevaa sare kama yangu, omba barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Mazoezi ya viungo yakianza mapema husaidia zaidi kuliko yakianza mtoto akiwa na miaka saba.

Na huko nyumbani, tafadhali usimlishe akiwa amelala chali. Mkalishe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, umpe kidogo kidogo. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupaliwa, chakula kinaingia mapafuni, kisha wanaugua nimonia mara kwa mara. Akiwa na kifafa, usimkatize dawa kwa sababu eti amekaa mwezi mzima bila kuanguka. Na akianguka, usimtie kijiko mdomoni, mlaze ubavu.

Sasa tuje kwenye karatasi. Najua karatasi zinachosha, lakini serikali haipangi bajeti ya mtoto isiyemjua. Hospitali zilizoidhinishwa zina kamati ya madaktari inayomkagua mtoto na kuandika ulemavu alio nao. Baada ya hapo anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina afisa katika kila kaunti, naye hupewa kadi. Ukienda, beba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako na picha za pasipoti za mtoto. Kadi pekee haileti pesa. Kuna mpango wa serikali wa kuzisaidia familia zenye mtu mwenye ulemavu mkali, wa shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini si kila mwenye kadi huingizwa. Ulizia kwa chifu lini wanaandikisha, na urudi kuuliza tena.

Kuhusu shule, kuna vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto, ambavyo walimu huviita EARC. Vilianzishwa mwaka wa 1984. Huko wataangalia mtoto anaweza nini na kukushauri shule inayomfaa, ya kawaida au maalum. Mwalimu mkuu akikuambia hana nafasi ya mtoto kama huyo, mjibu kwa adabu kwamba Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na haikuwatoa wenye ulemavu. Sheria ya mwaka wa 2003 iliwakataza hata wazazi kumficha mtoto akakosa huduma. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilichukua nafasi yake mwaka wa 2025.

Lakini mama mmoja mbele ya meza ya mwalimu mkuu huambiwa arudi kesho. Wakiwa wanane, wanapewa viti. Hilo nimeliona mara nyingi. Shirika la KAIH, linalotetea watu wenye ulemavu wa akili, lilianzishwa na wazazi mwaka wa 1996. Wewe huhitaji ofisi. Tafuta mama wawili au watatu wenye watoto kama wako, mkutane mara moja kwa mwezi kama mnavyokutana kwenye chama. Mnaweza kukodi gari moja kwenda hospitali badala ya kila mmoja kulipa nauli na kumbeba mtoto mzito mgongoni. Mnaweza kupokezana watoto ili mmoja wenu afike sokoni. Baba wakikubali kuja, waje. Wengine huja wakiona mama hajiungi ili kuwasema.

Kaunti inapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, nendeni pamoja, na mwende na watoto. Msiseme tu kwamba mnaomba msaada. Semeni mnachotaka: mtaalamu wa mazoezi afike zahanati yenu siku moja kwa wiki, dawa za kifafa zisiishe, choo cha shule kiwe na mlango unaopitisha kiti cha magurudumu. Mmoja aandike mliyoahidiwa, na nani aliahidi.

Kama humjui mama mwingine wa kuanza naye, muulize mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Yeye anawajua. Mwambie apate ruhusa ya mama huyo kwanza, kabla ya kukupa jina lake.