Ngazi ya Tatu

Katika milima ya Alps, hatari ya maporomoko ya theluji hutangazwa kila siku msimu wa baridi, kwa ngazi 1 hadi 5. Ungedhani wengi hufa ngazi ya 5. La hasha. Siku hizo njia hufungwa na wageni hubaki hotelini wakinung'unikia bei ya kahawa. Nchini Uswisi, takriban nusu ya vifo hutokea ngazi ya 3, mara nyingi siku ya jua na theluji mpya, ambapo watu huiona 3 iko katikati, wakajiambia mambo si mabaya.

Theluji hujilaza kwa matabaka. Tabaka lililoshikamana likikalia jingine lenye punje zisizogandana, kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtelezaji mmoja wa skii watosha kulivunja lile la chini, na bamba zima la juu likang'oka. Ndiyo maana takriban asilimia 90 ya maporomoko yanayoua watelezaji huanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake. Mlima haukumfuata mtu.

Kuna nyakati unafuata. Tarehe 23 Februari 1999, maporomoko yalishukia kijiji cha Galtür, Austria, yakaua watu 31, na kufika hata kwenye nyumba zilizo eneo lililopakwa kijani kwenye ramani ya hatari, rangi ya usalama. Barabara ilikuwa imefungwa kwa siku kadhaa, na helikopta zilishindwa kuruka hadi asubuhi iliyofuata. Waliochimba usiku ule ni wanakijiji na wageni wao.

Hata kwa wachache mlimani hali ni hiyo hiyo: msaada wa nje huchelewa. Theluji iliyoporomoka ikishatulia hukaza kama zege. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 ana matumaini makubwa; ikifika nusu saa, wengi wameshakosa hewa. Kwa hiyo mwokoaji ni yule uliyepanda naye, naye anahitaji kifaa cha kutuma na kunasa mawimbi ya redio, ufito mrefu wa kuchomea theluji na beleshi. Kifaa chako kinamsaidia yeye akupate. Anayekivaa akiwa peke yake amenunua pambo la bei ghali. Tena, mteremko wenye shaka huvukwa mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama.

Asiyetaka hesabu hizi huchagua mteremko wa chini ya nyuzi 30, usio na mwinuko mkali juu yake. Picha zake, bila shaka, hazivutii sana.